Fomu Yako Ukutani

Keza, 20 Juni 2009

Kaka Niyonzima,

Huku tu wazima, maharage tumeshavuna. Mwalimu Ansbert amefungua chumba cha makumbusho ya wakimbizi waliohamia ng'ambo. Picha yako ipo ukutani, na chini yake fomu uliyojaza ili upate safari.

Mama aliomba nimsomee. Palipoandikwa "Mama: amefariki", nilisoma "Mama: yupo Keza." Akafurahi, akafuta kioo cha picha kwa kitenge chake.

Jumapili alirudi na mke wa katekista, akasomewa kama ilivyo.

Nimemweleza kwamba walichukua yatima tu, na bila jibu lile wasingekuchukua. Aliendelea kupepeta maharage.

Leo nimemwuliza kama ana salamu za kukutumia. Amesema marehemu hatumi salamu.

Ni mimi dada yako,
Spesioza