Niulizeni Asubuhi

Baba Wekesa,

Umepata mjukuu wa kiume huko mtaa wa Kawangware 46, kwa kijana wetu, na nusura wanipokonye haki ya kumpa jina. Nakuandikia wewe kwa sababu ungenielewa.

Nilitoka Kianda na chupa ya uji, nikafika jioni, miguu imekufa ganzi. Wakaniuliza, kama ilivyo desturi, mtoto aitwe marehemu yupi wa ukoo wenu. Nikajibu bila kusita: "Barasa."

"Mathe!" Wekesa akapiga kelele. "Baba mdogo Barasa yuko hai. Juzi tu ameniomba viatu!"

Dada ya mkewe akadakia, "Akisikia umemzika, atakudai jeneza!"

Nilicheka nao. Kisha Wekesa akatoa simu. "Wacha Barasa mwenyewe achague. Wewe pumzika, umezeeka." Hapo sikucheka.

Nimezeeka, sikatai. Kila ninaposahau jambo huandika kwenye shajara, na karibu makosa yote ni ya jioni. Asubuhi niko imara.

Unakumbuka karakana yako pale Laini Saba? Uzeeni ulikataa kabisa kupima mbao baada ya chakula cha mchana. "Jioni ni ya msasa," ulikuwa ukisema. "Kupima ni asubuhi." Wateja walinung'unika, lakini milango yako ilifungika vizuri, na hakuna aliyethubutu kukupokonya msumeno.

"Weka simu chini," nikamwambia Wekesa. "Niulize kesho asubuhi."

Kulipokucha nilichemsha chai, nikampakata mtoto, nikaanza. Babu yako aliyefua majembe. Baba yako, aliyekuwa akipotea katikati ya kila wimbo kanisani. Kaka yako mkubwa. Nikataja wake zao, na watoto ambao tayari wamepewa majina yao.

Wekesa akasahau chai yake. "Lakini jana..."

"Jana ulimuuliza mtu aliyechoka. Hao wote wana wajina wao. Amebaki mmoja."

Nikasema: Makokha. Jina lako. Wekesa akageukia ukuta. Kumbe ndilo alilokuwa akilisubiri.

Wanaotaka kunipima waje, lakini waje asubuhi. Na jioni, hata nikichanganya majina ya ukoo mzima, huyu nitamwita sawasawa. Nimeliita jina hilo jioni zote za ndoa yetu, na halijanipotea.

Lala salama, mume wangu. Jua linashuka, naiweka kalamu kabla sijazika mtu mwingine.

Mimi mke wako,
nyanya ya Makokha