Mguu wa Ng'ombe kwa Tope la Ijara

Hulugho, Ijumaa, baada ya alasiri. Mawingu yamekaa chini, mvua imepumzika tangu adhuhuri, na suruali yangu imekakamaa kwa tope hadi magotini. Wala sijali.

Nina furaha, na ni furaha ya tairi na chai.

Mimi ni mtu wa Wajir. Nilifundisha Kiswahili shule ya msingi miaka mingi kabla ya kuacha chaki na kushika usukani. Sasa nina pikapu inayovuta kwa magurudumu yote manne, nabeba watu na mizigo kutoka Garissa hadi vijiji vya huku kusini. Ualimu umeniachia ugonjwa mmoja: nikijua kitu, nakijua kupita kiasi.

Mwaka jana nilijua tairi. Nilinunua nne pana, laini, zilizotokeza nje ya bodi. Baba yangu, mfuga ngamia, alinifundisha nikiwa mdogo kwamba mnyama hununuliwa kwa mguu: wayo mpana, laini, unaotanda juu ya mchanga bila kuzama. Basi nikachagua tairi kama baba alivyochagua ngamia. Kwenye mchanga wa Wajir zilinipeleka nilikotaka, watu wakazisifu, nami nikavimba kichwa.

Kisha nikaja nazo Ijara, nchi ya ng'ombe na udongo mweusi, mvua ikiwa imenyesha.

Kati ya Ijara na Sangailu tope lilijaa kwenye meno ya tairi mpaka yasionekane. Gari likateleza ubavu, likakaa. Tulikwama siku mbili. Kwenye kiti cha mbele alikuwa Eddo Dahabo, shangazi ya mke wangu, amepakata mfuko wenye nguo mpya, anakwenda harusi ya Hodan, binti yake wa pekee. Tulipofika Hulugho nyama ilikuwa imekwisha na bibi harusi ameshapelekwa kwa mumewe.

Eddo hakunitukana. Ingekuwa afadhali.

Tangu siku ile, nikienda kwake Garissa, kila mtu hupewa chai ya maziwa, mimi hupewa turungi. Chai nyeusi, katika nyumba ya watu wa ng'ombe, ambako hata mpita njia hapewi kikombe kisicho na maziwa. Nimekunywa turungi mwaka mzima, na kila mara nikasema alhamdulillahi, tamu kweli. Mke wangu huwa anatazama ukuta.

Wanasema majuto ni mjukuu. Kwangu mjukuu alikuja kweli: Jumamosi iliyopita Hodan alijifungua mtoto wa kike hapa Hulugho. Siku ya saba, ya akika na kupewa jina, ilikuwa iwe leo. Mvua zilikuwa zimeanza, na madereva wote wa njia hii walikuwa wameegesha magari. Jumatatu nikaenda kwa Eddo, nikanywa turungi yangu, nikamwambia nitampeleka mimi, na kwamba kwanza nanunua tairi mpya. Akiikosa na hii, niliwaza, sitaonja maziwa tena katika nyumba ile.

Akanijibu kwamba hapandi gari ambalo hajaiona miguu yake.

Kwa hiyo Jumanne tulikuwa wote wawili dukani kwa Mutua, muuza tairi wetu pale Garissa, mtu wa Mwingi, mpole kuliko biashara yake. Mimi nilikuja na orodha kwenye simu: upana, tabaka, uzito. Na naona aibu kuandika hili, lakini shajara ni shajara: nilikuwa nimeshachagua, na nilichagua pana tena. Safari hii zenye meno marefu zaidi. Nilijiambia kosa la mwaka jana lilikuwa meno, si upana.

Eddo akainama, akajaribu kupitisha vidole kati ya meno ya tairi. Havikupita vizuri. Akasimama, akamgeukia Mutua kwa Kiswahili chake, ambamo p hugeuka b.

"Kijana, hii ni mguu ya ngamia, inabenda mchanga. Mimi naenda matobe. Nibe mguu ya ng'ombe."

Mutua akanitazama akingoja tafsiri. Nilichelewa kuitoa kwa aibu. Mtoto mzima wa mfuga ngamia, nilijua tangu utotoni kwamba ngamia na tope hawaivani. Huteleza, miguu ikatanuka huku na huku, mnyama akaishia kuchinjwa palepale. Ng'ombe ana kwato nyembamba zilizopasuka katikati. Huzama, ndiyo, lakini huzama hadi kwenye udongo mgumu, akashika, akang'oa mguu, na tope likatokea kwenye ule mpasuko. Yote haya niliyajua. Sikuwahi kuyahamishia kwenye gari.

Nikamweleza Mutua. Akacheka kidogo, akasema angeniambia hayo mwaka jana lau ningemwacha amalize kuzungumza. Akatoa nne nyembamba, ndefu, meno yameachana, na vidole vya Eddo vikaingia vyote. Mutua akaongeza lake moja: ubavu uwe mnene, maana miiba ya migunga haina huruma na tairi ya mtu. Eddo akakubali. Mimi sikuulizwa.

Pikapu sasa inafanana na mtu mnene aliyevaa viatu vya mwanawe. Madereva wenzangu walinicheka, nikawaachia.

Jana asubuhi tukaondoka. Mahali pale tulipokwama nilipatambua kwa matawi tuliyoyakata mwaka jana kuweka chini ya magurudumu. Mengine bado yametokeza topeni. Eddo alikuwa kando yangu, tasbihi mkononi. Nyuma ya gari ikaanza kuteleza, na mguu wangu, kwa mazoea, ukaenda kukanyaga mafuta.

"Aayar," akasema Eddo kwa Kisomali, yaani taratibu. "Ng'ombe hakimbii topeni."

Nikainua mguu. Tairi zikazama, moyo wangu ukazama nazo. Kisha nikahisi zimegusa pagumu. Gari likatulia, likatambaa, tope likiruka pembeni vipande vipande, hadi tukatoka ng'ambo. Nilitaka kulia, basi tu.

Leo asubuhi Eddo ndiye aliyempakata mtoto alipopewa jina. Anaitwa Barwaqo, neema inayokuja na mvua. Eddo alikuwa amevaa zile nguo za mwaka jana, bado zina mikunjo ya mfukoni.

Ninaandika haya nikiwa nimekaa nyuma ya pikapu. Punde hivi Eddo alikuja na sinia, akagawa vikombe kwa kila mtu. Changu alikileta mwisho, akasimama mbele yangu mpaka nionje.

Maziwa. Mengi hata majani ya chai hayasikiki, na sukari kupita kiasi.

"Kunywa, mwalimu," akasema. "Kurudi ni mbali."

Wingu limeanza kujikusanya tena upande wa Ijara. Huenda kesho hata miguu ya ng'ombe isipite, nikakaa hapa siku mbili au tatu. Hodan ameniuliza kama nina wasiwasi.

Nimempa kikombe kitupu, nimeomba kingine.