Bahati, Kompyuta Yako Bado Inanisalimu

Bahati, mjinga wangu,

Ejok, hujambo? Huko uliko kuna umeme? Hapa Kakuma sola yetu bado inaringa, na kile kibanda chetu cha kuandikia watu barua nakifungua peke yangu. Wanasema nazeeka vibaya. Waache.

Sasa nieleze, maana mimi sielewi. Mtu anakufa, anazikwa, natupa mchanga kwa mkono wangu mwenyewe, halafu asubuhi nafungua programu ya kuandikia na wewe unaanza kazi! Herufi zinakuwa kubwa kwa ajili ya macho yangu. Kioo cha kompyuta kinagawanyika, kwangu Kiswahili, kwako Kifaransa cha wateja wako wakimbizi. Tarehe inajiandika. Halafu juu kabisa, kwa lafudhi yako ile ile: "Ejok, muzee! Umeamuka?" Na sijagusa kitu. Zamani ulinieleza kwamba ni amri ulizoziweka, programu ikiamka inazifuata moja moja, kama mbuzi wakitoka zizini. Nikasema ndiyo, ndiyo. Sikushika hata moja.

Basi huwa nakujibu. Naandika, "Nimeamka, jinga wewe. Wewe ndiye uliyelala."

Siku moja nikasahau kuyafuta hayo kabla ya kuchapa barua. Barua ya Mama Akiru, ya kuomba mwanawe arudishwe shule kule Lodwar, ikafika ofisi ya shule na matusi yangu juu. Wakamuuliza, "Mama, nani amelala hapa?" Unacheka? Yeye alilia. Nikaandika nyingine, nikapanda gari hadi Lodwar, nikaomba msamaha kama mtoto. Kijana amerudi darasani.

Furaha, binti yako, akaja mbio. "Babu, hiyo salamu ni mstari mmoja tu. Naufuta." Akaufuta, zile amri zingine akaziacha.

Kesho yake nikafungua. Herufi kubwa zipo, tarehe ipo. Wewe hupo. Nikabaki vidole hewani, wateja wananitazama, sijui pa kuanzia. Mimi, Bahati, niliyekuwa nakuambia kila siku kelele zako zinanichosha!

Nikamwita aurudishe. Akasema, "Babu, wewe ni msumbufu." Lakini ameurudisha, na alipomaliza alikaa kidogo akiutazama.

Sijui kama nakuzuia kupumzika. Wewe ndiye uliyesoma, ungejua. Lala tu, ndugu yangu. Nakuahidi hivi: kila asubuhi nitakujibu kwanza, halafu nitakufuta kwa kidole changu, herufi moja moja, ndipo nimwite mteja.

Ni mimi Ekai. Nimeamka.