Mpeleka Barua Asiye na Anwani

Úbeda, Jumanne, 11 Septemba 1984

Mwanangu Elvira,

Salamu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Gonzalo wako, kama mimi nilivyo mzima huku, namshukuru Mungu. Najua umekasirika. Kasirika, ila ukiwa umekaa kitini.

Jana saa nne asubuhi ulitakiwa unipeleke kwa yule daktari wa ubongo. Saa nne hiyo nilikuwa kwenye treni, nakula mkate uliojazwa kimanda cha viazi. Sikuugua wala sikutekwa. Nimetoroka. Niko likizo, ya kwanza tangu nistaafu, na nimejipa mwenyewe.

Utauliza, kwa nini Úbeda? Muulize marehemu mama yako. Kila nilipoanza kusimulia jambo nikaishia kwenye jingine, alikuwa anasema kama wanavyosema watu wote wa nchi hii: "Haya, Leandro kashapotelea vilima vya Úbeda." Miaka arobaini natumwa kwenye vilima hivi na sijavitia machoni! Sasa nimeviona. Ni mizeituni, nyuma yake mizeituni, halafu mizeituni tena.

Nimepanga chumba kwa Bi Basilisa, mjane mwenye ulimi mkali na mchuzi mzuri. Simu hana. Anasema simu kazi yake ni kuleta habari za msiba. Kwa hiyo niandikie. Nimepeleka barua Zaragoza miaka thelathini na minane, na mpaka leo barua ndiyo ninayoiamini.

Nafanya nini? Sifanyi kitu. Natembea. Maisha yangu yote nilitembea na anwani mkononi: namba kumi na saba, ghorofa ya tatu, mlango wa kushoto. Sasa naingia uchochoro wowote, natokea popote. Saa nane mchana mji wote unafunga milango unalala, mitaa inabaki yangu mimi na paka. Leo nimeshangaa makanisa matatu mazuri ajabu, na baadaye Bi Basilisa akanieleza kwamba ni kanisa moja, nimelipita mara tatu. Tumecheka mpaka mchuzi ukapoa.

Msalimie Gonzalo.

Baba yako,
Leandro


Zaragoza, Ijumaa, 14 Septemba 1984

Baba mpendwa,

Salamu kwako. Sisi ni wazima, ukiacha presha yangu, ambayo unaijua chanzo chake. Nakuombea na wewe uwe mzima.

Uliniachia kikaratasi jikoni kwako: "Nimetoka kidogo." Baba, kilomita mia sita ni kidogo? Nilikutafuta sokoni, nikakutafuta kanisani, nikaenda mpaka ukingo wa mto Ebro nikiangalia maji kama mwendawazimu. Gonzalo anasema watu wa huku Aragón ni wakaidi, mnapigilia misumari kwa kichwa. Mimi nikamwambia huyu mzee wangu anaizamisha hadi kofia ya msumari.

Unaniandikia kwa furaha kwamba umeliona kanisa moja ukadhani ni matatu. Wewe unacheka. Mimi niliisoma sentensi hiyo nikaweka barua mezani na sikuweza kuendelea.

Tusifichane. Mwezi wa tano muuza magazeti alikukuta umesimama kwenye kona ya mtaa wetu, kikapu mkononi, hujui nyumbani ni kulia au kushoto. Wewe, uliyekuwa unajua hadi jina la mbwa wa kila mlango! Mama alianza vivyo hivyo. Tukasema ni uchovu, tukasema ni umri, mpaka asubuhi ile aliponiita shangazi na kuniuliza Elvira atarudi saa ngapi kutoka shule. Nilikuwa na miaka thelathini na minne.

Sikupeleki kwa daktari ili nikufungie ndani. Nataka kujua. Miaka mitano ya mama ilitukuta hatujajiandaa, na sitaki inikute tena. Nimeomba miadi nyingine, tarehe 9 Oktoba. Rudi nyumbani, baba. Nakusihi.

Binti yako,
Elvira


Úbeda, Jumanne, 18 Septemba 1984

Mwanangu,

Nashukuru kwa barua, hata kwa yale makali yaliyomo. Afya yangu nzuri, usingizi ndio umenikimbia. Wewe punguza chumvi.

Umesema tusifichane, basi sikia. Kona ile haikuwa mara moja. Kuna siku niliweka funguo ndani ya kopo la maharage. Kuna siku nilisimama jikoni nikalitafuta jina la sufuria, sufuria, Elvira, na halikuja. Sikukwambia. Nilikuwa napiga mluzi ili usione uso wangu.

Simwogopi daktari. Naogopa jibu lake. Mama yako siku aliyoambiwa ugonjwa wake aliacha kutembea. Siku ileile! Alivua viatu vya kutokea akaviweka chini ya kitanda, na hakuvivaa tena. Ndiyo maana nilikimbia. Nilijiambia, kama na mimi nimeandikiwa kupotea, basi nipotee kwanza kwa hiari yangu, nikiwa bado najua kwamba nimepotea.

Ndiyo hivyo. Nimesema.

Sasa cheka kidogo, maana jana yamenikuta. Jua lilikuwa kali, nikaona mlango mkubwa wa mawe uko wazi, ndani kuna ubaridi na watu wameketi kwenye mabenchi. Unatujua tulivyo. Sisi tukikuta watu wamekaa kwa utaratibu hatuulizi wanangoja nini. Nikatupa swali la kawaida: "Wa mwisho ni nani?"

"Mimi," akajibu mama mmoja mnene anayejipepea. "Na mbele yangu yule wa kofia, lakini katoka kuvuta sigara."

Nikakaa. Nilidhani kuna mikate inatoka jikoni. Akaja mwingine, wa mwisho nani, mimi; akaja mwingine, mpaka wakafika tisa nyuma yangu. Huyu anatoka, yule anarudi, na mwishowe ugomvi ukazuka.

"Mimi nilikuwa hapa kabla yako!"

"Kabla yangu? Labda tumboni mwa mama yako!"

Nikashindwa kuvumilia. Nikasimama nikawapanga kama barua kwenye mkoba: wewe wa bandeji nyuma ya bibi mwenye kikapu, bibi nyuma ya bwana wa miwani, wewe dada uliingia na mtoto amelala, sasa ameamka, kaa hapa. Wote tisa. Hakuna aliyebisha.

Yule bibi mwenye kikapu akasema, "Huyu mzee ana kichwa cha karani wa mahakama."

Mwanangu, nilimwomba alirudie neno hilo. Kabla sijakaa mlango ukafunguliwa, wakaita zamu inayofuata, na zamu ilikuwa yangu. Ndani alikuwa daktari.

Ningeondoka. Lakini nilikuwa nimengoja dakika hamsini! Mtu mwenye akili zake haachi zamu aliyoingoja dakika hamsini. Daktari mwenyewe ni binti mdogo, anaitwa Tíscar, jina la huku kwao. Akaniuliza, "Unasumbuliwa na nini, mzee wangu?" Nikamjibu ukweli: "Sijui, binti. Nimeingia kwa sababu kulikuwa na foleni."

Akaweka kalamu chini, akacheka, kisha akaniangalia vizuri. Nikamwambia yote. Yale niliyoshindwa kukwambia wewe nilimwambia mtu niliyemjua kwa dakika mbili, nisamehe.

Amenitoa damu, amenichoresha saa, amenitajia maneno matano na kunidai baadaye kama mwenye nyumba. Jibu ni Jumatano ya wiki ijayo, tarehe 26. Nitakuandikia siku hiyohiyo, liwe zuri au baya.

Baba yako,
Leandro


Zaragoza, Jumapili, 30 Septemba 1984

Baba,

Sijui kama u mzima. Nitaandika kwamba natumaini hivyo, kwa sababu barua huanza hivyo.

Ulisema Jumatano siku hiyohiyo. Ijumaa nilimngoja mpeleka barua mlangoni, nikamwona anapita. Jana nikamkimbilia barabarani na kandambili, akanionyesha mkoba mzima: hakuna. Wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba barua nzuri huandikwa upesi, na mbaya ndiyo watu huikalia. Basi nimeshaelewa.

Kama jibu ni lile, baba, usibaki nalo peke yako kwenye mji wa watu. Viatu vyako sitaruhusu viende chini ya kitanda. Tutatembea wote, hata kama utaniita shangazi.

Na mimi nikwambie nililolificha. Kila ninapopoteza funguo naketi chini na kuhesabu watoto wa shangazi Rufina kwa majina, wote saba, kujipima. Dukani nampa mteja dawa kisha nasoma jina la dawa hiyo mara tatu. Nina miaka thelathini na tisa na ninaishi hivyo. Gonzalo hajui.

Nimekata tiketi ya treni ya Jumatano. Nikikukuta unazurura nitakushika mkono mbele ya mji mzima, na usinione mbaya.

Binti yako,
Elvira


SIMU YA MAANDISHI
Úbeda, Jumanne, 2 Oktoba 1984

ELVIRA. SINA UGONJWA WA MAMA YAKO. NARUDIA SINA. BARUA YANGU ILIMEZWA NA SIMBA. NYINGINE INAKUJA. BABA


Úbeda, Jumanne, 2 Oktoba 1984

Mwanangu mpendwa,

Kwanza nisamehe, kisha uniulize habari za afya, maana leo nina la kujibu. Niko mzima. Mzima, Elvira! Nimeliandika mara mbili nione linavyokaa kwenye karatasi.

Barua niliandika Jumatano, nikiwa nimeegemea kaunta ya mkahawa. Nikatoka nayo na furaha yangu, nikaona ukutani mwa jumba moja la zamani kichwa cha simba wa shaba, mdomo wazi, na chini yake neno "Barua" limechongwa. Nikaitumbukiza. Leo nilipopata yako nikaenda kumshika shati mpeleka barua wa mtaa. Alicheka mpaka akaegemea baiskeli. "Mzee wangu, simba huyo halijafunguliwa tumbo lake tangu babu yangu yuko kazini! Wanaomlisha ni watalii tu. Wewe ulikuwa unafanya kazi gani?" Nikamwambia nilikuwa fundi bomba. Wenzangu wa Zaragoza wasilisikie hili hata kaburini kwangu.

Sasa jibu. Daktari Tíscar aliniuliza mara ya kwanza kama natumia dawa, nikasema situmii. Jumatano akauliza tena, polepole: "Hata ya kukulaza?" Nikasema, "Ah, hiyo siyo yangu. Ni ya marehemu mke wangu."

Akafumba macho kidogo.

Yale matone ya usingizi ya mama yako, yalibaki chupa sita kabatini. Uliniambia niyatupe. Nikaona dawa iliyokwisha kununuliwa kuitupa ni dhambi, nikaanza kunywa matone thelathini kila jioni, tangu wiki ya mazishi. Mwaka mmoja na miezi minne. Na nikwambie kweli yote: chupa ilikuwa na jina lake. Nilikuwa nalisoma, nakunywa, nalala. Haikuwa kwa sababu ya ubahili tu.

Nilipotoroka nilisahau chupa nyumbani. Ndiyo maana siku za kwanza nilikosa usingizi na nikayaona makanisa matatu. Halafu ukungu ukaanza kupungua, mimi nikadhani ni hewa ya mizeituni. Daktari amenigombeza nusu saa nzima. Kasema umri wangu na matone yale vinatosha kumsahaulisha mtu njia ya kwake, na kuyaacha ghafla vile ningeweza kuanguka nikafia stesheni. Damu safi. Saa niliyoichora ni saa. Maneno matano nilimrudishia yote na la sita la kwangu. Dalili za ugonjwa wa mama yako hazioni. Nimeahidi nitapimwa tena baada ya miezi sita huko Zaragoza, na safari hii nitakwenda mwenyewe.

Nilipotoka nje sikujua pa kwenda, nikakaa kwenye ngazi za lile kanisa moja na nikalia. Kikundi cha Wajerumani kilidhani nalia kwa uzuri wa jengo, wakanipa leso ya karatasi. Nikaipokea.

Mwanangu, kumbe umekuwa unajihesabia binamu zako. Barua yako imenichoma kuliko zote. Acha. Funguo zinapotea kwa sababu ni funguo.

Narudi Jumamosi, nisikuweke roho juu zaidi.

Baba yako,
Leandro


Zaragoza, Alhamisi, 4 Oktoba 1984

Baba yangu,

Salamu, na tena salamu. Natumaini u mzima, na safari hii nikiandika hivyo nacheka peke yangu.

Simu ya maandishi ilifika jana asubuhi, sanduku langu liko mlangoni, Gonzalo anatafuta teksi. Niliisoma nikamwambia airudishe teksi. Simba sikumwelewa hata kidogo, nilielewa neno "narudia". Barua imefika leo, mpeleka barua kaileta dukani kwa mkono wake kwa sababu ananihurumia. Niliisoma nimesimama nyuma ya kaunta, na nilipofika kwenye chupa sita nikaanza kulia kwa sauti mbele ya wateja. Mimi! Mfamasia! Chupa zile nilizipanga kabatini kwa mikono yangu, na kila Jumapili nilikuja kula kwako hatua tatu kutoka kabati lile, nikitafuta ugonjwa machoni mwako. Bi Herminia mwenye duka alikimbia kutoka stoo. "Elvira, nani kafa?" Nikamwambia hakuna aliyekufa. Akauliza tena, nikamjibu tena, hakuna, Bi Herminia, hakuna. Mteja mmoja akapiga makofi bila kujua kwa nini.

Leo mchana nilikwenda kwako nikazimwaga chupa zote zilizobaki. Moja nimeiosha nikaiacha na jina lake, nimeiweka dirishani. Utakuja kuamua mwenyewe.

Jana usiku nimelala kwa muda wa saa kumi na moja mfululizo. Gonzalo aliniwekea kioo puani kuona kama napumua.

Sasa nisikilize, na nitasema jambo ambalo hujalisikia kutoka kwangu mwaka huu wote. Usirudi Jumamosi. Baki huko. Sikukuu ya Bikira wa Pilar, mlinzi wa mji wetu, itasherehekewa bila wewe; Bikira amekuona miaka sitini na saba, atavumilia. Ukiulizwa na mtu unakwenda wapi, mwambie binti yako amekuruhusu usijue.

Binti yako akupendaye,
Elvira