Gari Jekundu Sitalinunua

Jumapili, 2 Juni

Tik. Kokoto moja, chini ya miguu yangu, jana kwenye kona ya tatu. Injini ilikuwa inapiga kelele, upepo unapiga kelele, lakini nilichorudi nacho nyumbani ni hiyo kokoto ilivyogonga sakafu ya gari.

Aliyekuwa anaendesha ni Gramu. Bosi wangu katika ofisi ya vipimo, miaka hamsini na minane, ofisini hutembea kana kwamba sakafu imelowa. Tunamwita Gramu kwa sababu mizani ya duka ikikosea gramu moja, yeye halali. Kumbe Jumamosi moja moja huenda uwanja wa mbio, analipa kiingilio, anavaa helmeti, anakimbiza kigari chake kikuukuu na kushindana na saa tu. Mwenye gari zima yeyote anaruhusiwa. Yeyote. Nimelirudia neno hilo tangu jana.

"Ukisikia kokoto, uko ukingoni," aliniambia tukishuka. "Usipozisikia tena, umeshatoka."

Nataka gari langu. Si la kwendea kazini. La kule.

Jumanne, 4 Juni

Nimewaambia wakati wa chakula. Akiba yangu ya miaka mitatu, gari la mbio lililotumika, milango miwili, gia za mkono. Mama aliweka kijiko chini. Mume utamweka wapi, kwenye buti? Nikamjibu sijapata mume wa kumpima kama anaenea. Baba alijificha nyuma ya gazeti, ila gazeti lilikuwa linatikisika.

Aliyeharibu ni Dada, ambaye alikuja na mumewe. Akasema nahangaika nini nje wakati shemeji yangu ana yadi nzima ya magari? Shemeji akafungua simu papo hapo. Jekundu, pua ndefu, linang'aa kama pipi iliyolambwa. "Shemeji, hili nimekuwekea wewe. Bei ya ndani ya nyumba."

Otomatiki. Nikasema gia za mkono. Akasema siku hizi hata marubani wanabonyeza vitufe. Wote wakacheka. Nami nikacheka, nikajichukia kidogo.

Alhamisi, 6 Juni

Nimeona jingine. La fundi wa makochi, mwanamke mnene mwenye sindano zimechomekwa kwenye kola. Kijivu. Paa limepauka, mlango wa kushoto una bonde, redio hakuna. Amelikimbiza uwanjani miaka sita, mpaka goti likakataa klachi.

Kabla sijauliza chochote aliniambia nishike boneti. Baridi kabisa. "Sijaliwasha tangu jana asubuhi," akasema. "Muuzaji akikupashia injini kabla hujafika, jiulize anaficha mlio gani." Akaliwasha. Likakohoa mara moja, likatulia. Viti ameshona mwenyewe, uzi mnene wa makochi. Nilikaa. Goti langu, usukani, gia — kila kitu kilikuwa pale mkono ulipokitafuta.

Nikamwambia nitarudi. Akasema wote husema hivyo.

Jumamosi, 8 Juni

Nina hasira mpaka kalamu inachana karatasi.

Nilikwenda yadi kwa Shemeji. Nilikuwa nimeamua kulitendea jekundu haki, kulipima kama ninavyopima kila kitu. Gramu alikuwa ameniandikia kibali nichukue mizani ya magurudumu: mabapa manne, gari linapanda juu, kila gurudumu linasoma uzito wake. Ndiyo tunayotumia kwa malori. Gari lililonyooka, ukijumlisha mbele kushoto na nyuma kulia, halafu mbele kulia na nyuma kushoto, jumla hizo mbili hukaribiana. Zikiachana sana, kuna kitu kimepinda.

"Shemeji, unapima gari au viazi?" akaniuliza. Mafundi wake wakacheka.

Ziliachana kwa kilo mia na kumi.

Nikasema kwa sauti. Nilitaka wasikie wale waliocheka. Nikasema gari hili limewahi kugongwa, chesisi imepinda, na wewe ulitaka niliingize kwenye kona nikiwa ndani. Ofisini kwake walikuwa mke na mume, kalamu mkononi, wananunua gari jeupe la biashara. Mume akaweka kalamu mezani. Mke alikuwa tayari ameshika mkoba. Wakaondoka.

Shemeji aliingia ofisini, akaifunika ile kalamu. Nilidhani ni hatia.

Jumapili, 9 Juni

Sakafu.

Nilikuwa napiga mswaki. Ile yadi inamwagiliwa maji kila asubuhi na maji huenda kona moja, kwenye tundu. Lazima iwe imeinama kona ile. Bapa la nne nililiweka pale. Gurudumu likishuka sentimita mbili tu, jirani yake anabeba mzigo wake.

Mstari wa kwanza wa tangazo tunalobandika kila duka: *Mizani iwekwe mahali tambarare.* Niliuandika mimi. Nimeshawatoza watu faini kwa ajili ya mstari huo.

Nilikaa ukingoni mwa beseni la kuogea mpaka Mama akagonga mlango, akauliza kama naumwa.

Jumatatu, 10 Juni

Baada ya kazi nimerudi yadi na mabapa, pimamaji niliyoazima kwa mwashi na vipande vya plaiwudi. Sikutanguliza salamu ndefu. Nikamwambia: Shemeji, jana nimegundua huenda nilikosea, naomba nipime tena mbele ya wale wale walionisikia. Akawaita mafundi.

Nikainua bapa la nne kwa plaiwudi mpaka kiputo cha pimamaji kikakaa katikati. Tofauti: kilo tisa. Si kitu. Gari limenyooka.

Nikasema hivyo kwa sauti ile ile ya Jumamosi. Nilihakikisha ni ile ile. Nikaandika vipimo kwenye karatasi, nikatia sahihi, nikampa. Nikaomba namba ya yule mume, nikampigia papo hapo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kistaarabu. Walishanunua kwingine.

Shemeji aliikunja karatasi mara nne. "Wale walishaanza kuwaambia watu yadi yangu ina magari yaliyopinda," akasema. Halafu, akiwa ameshageuka: "Asante kwa kuja na pimamaji."

Bora angenitukana.

Jumatano, 12 Juni

Hukumu imetoka, na hakimu ni Mama. Kosa nimelikiri, vizuri, sasa nilifute: ninunue jekundu. Shemeji atakuwa ameuza gari, watu wataliona nikiendesha, jina la yadi litasafika, na Dada atanisemesha tena. (Tangu Jumamosi ananiandikia "sawa" tu. Sawa, na nukta.)

Nikamuuliza Baba. Akasema Mama yako amesema. Nikamwambia nimesikia alichosema Mama, nakuuliza wewe. Akasema, hilo jekundu lina uzito gani? Kilo elfu moja mia nne na thelathini, nikamwambia. Akarudi kwenye gazeti.

Kikao Jumamosi saa nne asubuhi, hapa nyumbani. Shemeji atakuja na karatasi za gari.

Nimelala kitandani nikijihoji kama kesi mahakamani. Je, ni kiburi? Kama ni kiburi nitakiona, nakijua sura yake, ndicho kilichosema kwa sauti Jumamosi. Hiki si hicho. Nilimkosea Shemeji kwa kusema uongo kuhusu gari lake. Uongo huo nimeuondoa kwa mdomo na kwa mkono wangu. Nikinunua gari nisilolitaka na kujidai nalitaka, nitakuwa nimesema uongo wa pili kuhusu gari lile lile. Na huu nitauendesha kila siku.

Radhi ni radhi. Gari ni gari.

Ijumaa, 14 Juni

Kijivu: kilo mia tisa na thelathini na mbili. Sakafu ya karakana ya makochi, pimamaji kwanza, mabapa baadaye. Tofauti ya mshazari, pembe kwa pembe: kilo sita. Fundi wa makochi alinitazama nikiinama na kuinuka, sindano mdomoni. Akaniuliza mama yangu anajua? Nikasema atajua. Akasema, "Basi saini hapa, kabla hajajua."

Nimesaini. Limelala kwake.

Jumamosi, 15 Juni

Uwanjani. Saa nne na dakika saba. Naandika juu ya usukani. Mbele yangu kuna magari matano yanasubiri kukaguliwa. Helmeti nimeazima kwa Gramu, inanukia tumbaku.

Nilitoka nyumbani alfajiri, nikalichukua gari karakana. Saa tatu kamili nikaandika kwenye kundi la familia: "Gari nimenunua jana, si jekundu. Radhi niliyomwomba Shemeji niliimaanisha na bado naimaanisha. Kikaoni sitakuwepo, niko uwanja wa mbio." Niliisoma mara tatu kabla ya kutuma. Sikuongeza alama ya kucheka.

Dada alisoma. Mama alisoma. Shemeji alisoma.

Halafu sasa hivi, Baba — Baba ambaye hajawahi kuandika kwenye kundi zaidi ya "amina": "Kikao kinahamia huko. Tumo njiani, wote wanne, gari la Shemeji. Mama anauliza kama kuna kivuli."

Nimesoma mpaka herufi zikapoteza maana. Wanakuja kunichukua au kunitazama? Mama akiuliza kivuli anakuja kukaa. Mama akikaa huwa anasema. Zamu yangu ni saa tano. Watafika saa nne na nusu, wataniwahi hapa nimesimama, na nikisimama mbele ya Mama nina miaka tisa.

Nimejibu: "Kivuli kipo, upande wa vyoo. Njooni na viti."

Kisha nimeshuka, nimekwenda kwa msimamizi mwenye ubao wa majina, nimemwomba anihamishie kundi la saa nne na robo, wakifika wanikute niko kwenye kona. Akasema mgeni huwa anapenda kutazama wengine kwanza. Nikasema mimi sipendi. Amefuta jina langu chini, ameliandika juu, na kunipitisha mbele ya foleni. Mkaguzi ameshapiga tairi langu la mbele teke mara mbili na kuitikia kwa kichwa.