Mume Wangu Kahamia Upande wa Manyoya

Shangazi mpendwa, nakuandikia nikiwa kwenye cherehani, sindano nimeisimamisha katikati ya mkono wa gauni la mteja, kwa sababu zimebaki siku tisa tu na nisipopata mtu wa kunishauri sijui sura yangu nitaificha wapi, kwa hiyo ukiona mwandiko unakwenda upande ujue ni haraka na siyo kwamba sikusoma.

Mimi ni fundi nguo na mume wangu ni fundi saa, na kwa miaka kumi na sita kila Jumapili asubuhi tumekuwa tukienda kuvua kwenye bwawa la maji la mji, na hapa naomba unielewe vizuri, Shangazi, ni mimi niliyemfundisha yeye, siyo yeye aliyenifundisha mimi kama watu wanavyodhani wakituona. Mimi nilifundishwa na marehemu baba. Huyu mwanamume nilipomwoa, samahani, aliponioa, alikuwa hawezi hata kuchomeka mnyoo kwenye ndoana bila kufumba macho. Nikamfundisha kuchimba chambo, nikamfundisha kutupa mshipi, nikamfundisha kukaa kimya, jambo ambalo ndilo lililochukua muda mrefu zaidi, na kitu kimoja tu kilimshinda, fundo la baba, lile la kuzungusha uzi mara saba halafu ncha yake unaigusisha moto wa kiberiti ijikunje iwe kitone cheusi, isiteleze. Yeye akigusisha moto anaunguza uzi wote. Basi mpaka leo ndoana zote za nyumba yetu nazifunga mimi.

Mwaka jana akaja bwana mmoja, mfamasia mstaafu, ambaye sisi watu wa chambo tulimbatiza jina la Manyoya, maana yeye na wenzake watatu hawatumii mnyoo wala donge la unga, wanafunga vipande vya manyoya ya kuku kwenye ndoana vifanane na mdudu, wanasimama ndani ya maji hadi magotini kule upande wa maji machache, wanarusha uzi mbele na nyuma, mbele na nyuma, kama watu wanaofukuza nzi, na wakishampata samaki wanamwangalia, wanamsifu, wanamwachia aende zake! Shangazi, nashona tangu nina miaka kumi na saba na sijawahi kumaliza gauni zuri nikalitupa dirishani.

Tulimcheka, mimi na mume wangu, tukacheka pamoja mpaka mbavu zikauma. Halafu Jumapili moja mume wangu akaniambia, "Ngoja nikamsalimie tu," akaenda, na salamu ile ikaisha saa sita mchana.

Usidhani ni mambo ya mapenzi. Manyoya ni mzee wa watu, ana mke wake na suruali ya mpira inayomfika kifuani. Angekuwa mwanamke ningejua la kufanya, na majirani wangenisaidia. Lakini unamfanya nini mwanamume mzima aliyekuibia mwanafunzi wako? Maana kuanzia siku ile ni Manyoya kasema hivi, Manyoya kasema vile. Nikivuta samaki mume wangu ananiambia mbele za watu, "Mke wangu, lowanisha mikono kwanza, ukimshika kwa mkono mkavu unamtoa ule utelezi unaomkinga." Mimi namwambia, "Huyu anakwenda kwenye kikaango, utelezi atakuwa nao wa nini?" Ananijibu, "Na huyo mdogo unayemrudisha majini je?" Watu wakacheka, safari hii wakanicheka mimi. Halafu akainama akaanza kuokota vipande vya uzi miguuni pangu, anavitia kwenye chupa aliyopewa na Manyoya, na ni kweli huwa naviacha, Shangazi, sikatai, nani haviachi, lakini kuokotewa na mumeo hadharani ni kama kufutwa kamasi ukiwa mtu mzima.

Jioni anakaa kwenye meza yake ya saa, anafunga manyoya. Siku moja akaniomba uzi, nikampa kwa moyo mweupe kibunda changu cha hariri ya rangi ya dhahabu niliyokuwa nimemwekea bibi harusi, nikidhani ni kwa ajili ya mkanda wa saa. Nikaja kukuta hariri yangu imeviringishwa kwenye matako ya mdudu wa bandia. Nililia, Shangazi. Nilikwenda bafuni nikafungulia maji nikalia.

Na hao wanaojifanya wanawajali samaki, wanakanyaga palepale samaki wanapotaga! Kuna vishimo vya mviringo kwenye maji machache, baba alinionyesha nikiwa mdogo, akaniambia ukiviona hivyo usitie mguu mpaka vifaranga vitoke. Niliwaona wanavivuruga na mabuti yao, nikanyamaza, nikasema moyoni wacha, si wao wanajua kila kitu.

Sasa nakuja kwenye lile lililonifanya niandike. Ijumaa ya wiki mbili zilizopita nilifunga duka mapema, nikachukua mfuko wa nyuzi zote kuukuu za nailoni tulizokuwa tumezirundika chini ya kitanda, nikatoa vile vipande vya risasi vya kuzamishia kwa sababu watu wa manyoya hawavitumii, nikatoa na ndoana zote nilizoziona, nikaenda bwawani peke yangu, nikazitandaza kwenye matete ya upande wao pamoja na makopo matupu matatu. Nilitaka mlinzi wa bwawa azikute, awafukuze, mume wangu arudi kukaa kwenye ndoo yake pembeni yangu. Ni hilo tu nililotaka.

Jumapili tulipofika tukasikia kelele. Ndege mmoja mweupe, wale wenye miguu mirefu, alikuwa amenasa kwenye uzi, bawa na mguu, anajipigapiga majini. Mume wangu na Manyoya wakaingia. Manyoya akamfunika kichwa kwa kofia yake, mume wangu akakata uzi kwa kile kikoleo chake cha saa, taratibu, na mimi nimesimama ng'ambo na fimbo ya kuvulia mkononi. Aliruka, Shangazi, lakini mguu mmoja ulikuwa unaning'inia.

Mlinzi akaja amefura. "Nani katupa uchafu huu?" Wenzangu wote wa chambo wakapaza sauti, "Ni hao hao! Si upande wao huo?" Mimi nikainamia ndoo yangu ya chambo. Manyoya akasema, "Upande ni wetu, na lawama ni yetu. Huenda ni mgeni wangu mmoja." Hata hakujitetea. Jumamosi ya wiki ijayo kamati ya bwawa inakaa, na wanasema yeye na wenzake hawatakanyaga tena pale.

Ungedhani nimeshinda. Mume wangu haendi tena kwa Manyoya, lakini kwangu pia hajarudi. Siku ile ile bwawani nilimwona anatia kitu kwenye mfuko wa shati na kufunga kifungo. Jumatatu naliomba shati nilifue, ananiambia, "Hilo liache, nitalifua mwenyewe." Miaka kumi na sita hajafua hata soksi! Najua ni nini, ni unyoya aliopewa na rafiki yake awe anamkumbuka. Jumanne nikamkuta mezani, kile kioo chake kiko jichoni, anaangalia kitu kidogo kati ya vidole, nilipoingia tu akafumba mkono. Akaniuliza, "Mke wangu, huna la kuniambia?" Nikamjibu sina, labda kwamba chai inapoa. Jana kaniuliza tena vilevile, kwa sauti ya chini, na macho yamemwiva. Kumbe bado anamlilia yule mzee.

Niambie, Shangazi. Niseme kwenye kamati niaibike na ndoa ivunjike, au ninyamaze kwa kuwa hakuna aliyeniona na ndege mwenyewe aliruka? Na nifanye nini mume wangu aache kumwaza Manyoya?

Ni mimi,
Fundi Nguo wa Upande wa Chambo

*

Mwanangu Fundi,

Nimeruka barua za watu wengine ili nikujibu wewe kwanza, na wenyewe wataninunia, kwa hiyo nisikilize.

Wivu wako nauelewa. Kumfundisha mtu kitu mpaka akakijua, halafu akaja kukuelekeza wewe mbele za watu, kunauma, tena kunauma zaidi akiwa anasema kweli. Kwa ile hariri mumeo alikosa na anapaswa kukuomba radhi. Ungelia bafuni ukaishia hapo, ningekuwa upande wako mpaka mwisho.

Lakini wivu wako ulikuwa kwa Manyoya, ndege kakukosea nini? "Aliruka," unaniambia. Aliruka na mguu mmoja, mwanangu! Usilitumie tena neno hilo kujifariji. Ule uzi hauozi. Ungekaa kwenye yale matete mpaka sisi wote tumesahaulika, unanasa kila kinachopita. Wewe mvuvi, binti wa mvuvi, unalijua hilo kuliko mimi ninayenunua samaki sokoni.

Tena nikwambie, kula samaki wako si dhambi, na kumwachia samaki hakumfanyi mtu malaika. Upande wa chambo mnaacha nyuzi na makopo, upande wa manyoya wanakanyaga mayai kwa mabuti. Hapo ndipo uliponiudhi kabisa. Jambo moja ambalo wewe unalijua na yule mfamasia halijui, jambo la baba yako, ukalifungia moyoni kwa kinyongo. Ungemwita ukamwambia, "Shemeji, toka hapo, samaki wametaga," nani angekuwa mwalimu siku hiyo?

Sasa tuje kwenye shati.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa nimeshika kichwa. Mumeo hufunga manyoya mezani kwake waziwazi, kwa hariri yako, hajawahi kukuficha unyoya hata mmoja. Leo aufiche wa nini? Unasema ulitoa ndoana zote "ulizoziona". Mwanangu, kuna moja hukuiona. Mumeo aliikuta pale majini wakati anamkata yule ndege. Ina uzi uliozungushwa mara saba na kitone cheusi kwenye ncha, na nyumba nzima ni mtu mmoja tu anayeweza kufunga hivyo, umeniandikia mwenyewe. Kioo cha jichoni kilikuwa cha kuhakikisha tu, maana alitamani awe amekosea.

Amejua tangu Jumapili ile. Watu walipokuwa wanapiga kelele, mlinzi amefura, rafiki yake anabeba lawama isiyo yake, mumeo alifunga kifungo cha mfuko. Hilo shati halifuliwi kwa sababu ya aibu yako iliyomo ndani yake. Amekuuliza mara mbili kama una la kumwambia, wewe ukamwambia chai inapoa. Unataka ujue utafanya nini aache kumwaza Manyoya. Hamwazi Manyoya. Anakuwaza wewe, na anakusubiri, na ikifika Jumamosi itambidi achague kati ya kukutaja na kumwacha mzee wa watu afukuzwe bure. Usimfikishe hapo.

Ukishamwambia yeye, nendeni wote wawili nyumbani kwa mfamasia kabla ya kikao. Usitume ujumbe wala usimwagize mumeo akusemee. Mwambie kwa mdomo wako, na akikutaka uondoke, ondoka. Kwenye kamati uwe wa kwanza kuinua mkono, useme maneno machache, ukae chini. Watakupa adhabu, ipokee. Wale wenzako waliokuwa wanapayuka nao watainamisha vichwa kidogo, itawafaa. Halafu rudi kwenye yale matete na mfuko uleule, uokote mpaka kipande cha mwisho, na kuanzia hapo chupa ya vipande vya uzi ining'inie kiunoni mwako, uining'inize wewe mwenyewe. Siku ukisamehewa, waonyeshe vile vishimo.

Ndoa haitavunjika kwa kusema. Mwanamume aliyetaka kukuacha angempa mlinzi ile ndoana.

Basi lile gauni la mteja liweke pembeni, lingoje. Nenda ukakae mbele ya meza ya saa, na kabla mumeo hajakuuliza mara ya tatu, mwambie afungue mkono.

Shangazi