Supachaja Aliyoifunga Baba

Garsen,
Tana River.
14 Oktoba

Kaka yangu mpendwa Oliver,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, na kwamba joto la huko Doha limeanza kupungua kama ulivyotuambia. Sisi hapa tunaendelea vizuri kwa jumla. Mama yuko Wenje. Maji ya mto yameshuka na anapanda mahindi kwenye lile shamba la kando. Duka langu la dawa za mifugo linakwenda, hasa siku za mnada. Mvua bado, na vumbi unalijua.

Utajiuliza kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Ni kwa sababu simu zako zote baba hutaka awepo, na huweka sauti ya juu ili nyumba nzima isikie. Barua hii nimempa Madina, ambaye anarudi kazini huko wiki ijayo. Isome ukiwa umekaa.

Nianze na mzigo wako. Lile sanduku lilifika salama kutoka Mombasa, na supachaja ilikuwa imefungwa vizuri ndani, na vifaa vyake vyote. Baba aliipakata mapajani karibu asubuhi nzima akiizungusha puli, lile gurudumu la mkanda, kwa kidole. Mtu aliyeishi kwa kufungua injini za malori ya misheni hawezi kushangaa upesi, kwa hiyo alichosema ni kwamba hii ni pampu ya hewa tu: inavutwa na mkanda wa injini, inasukuma hewa nyingi ndani, na injini ikipewa hewa nyingi inataka petroli nyingi, ndiyo nguvu inakotoka. Nilipomuuliza kama gari lako la Mark X litaistahimili, alisema injini yoyote hustahimili mwenye subira.

Aliniomba nimsomee kijitabu cha maelezo. Alisema miwani yake imevunjika. Nilijitolea kumletea nyingine kutoka Malindi, akasema tumalize kazi kwanza. Basi nikawa nakaa kwenye stuli kando ya gari, nasoma Kiingereza, namweleza kwa Kiswahili, naye ananirudisha nyuma mara nyingi kuliko nilivyozoea. Kila aina ya bolti aliitia kwenye kopo tupu la maziwa la peke yake. Akitaka moja hakuangalia. Alitikisa kopo akasikiliza. Na alifanya kazi mchana wa jua kali tu. Aliagiza gari litolewe kwenye kivuli cha banda na kuwekwa uwanjani, ambako boneti ilikuwa inaunguza mkono. Majirani walisema mzee ana kichwa kigumu. Mimi pia nilifikiri hivyo.

Alipoliwasha mara ya kwanza mkanda ulipiga mluzi. Alizima, akapitisha uzi kutoka puli ya chini hadi ya juu, akaufuata kwa kidole gumba, akasema ya juu imetoka nje, ingawa ni chini ya unene wa ukucha. Aliifungua yote na kuanza upya. Baada ya hapo mluzi haukurudi. Kisha akaja Zachary, yule fundi wa Malindi uliyenipa namba yake, akaunganisha kompyuta yake na kupanga petroli na moto wa plagi. Alisema kazi ya mzee ni safi. Aliiwekea msukumo mdogo kwa sababu injini si mpya, na akatuachia masharti: tusitie petroli ya madumu ya barabarani, oili ibadilishwe mapema kuliko zamani, injini ipate moto kwanza ndipo ikanyagwe, na ikianza kugonga mtu aondoe mguu mara moja. Zaidi ya yote alionya kuhusu filta ya hewa. Vumbi la huku likipita hapo, alisema, linasaga mapanga ya ndani ya supachaja kama msasa, na hakuna kurudi.

Matunzo hayo yaliniangukia mimi. Baba alisema mgongo unamsumbua akiinama. Kila Jumamosi nafungua filta na kuisafisha, naubonyeza mkanda kuona kama umelegea, naangalia maji ya kile kipoza hewa inayoingia kwenye injini, nanusa oili ya supachaja yenyewe, maana ikiungua harufu yake hubadilika. Yeye hukaa kwenye kiti akinisahihisha. Sikujua kwamba ningeipenda kazi hii, lakini naipenda.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Jumapili moja mwezi uliopita, tulipotoka kanisani, baba alisema anataka kulijaribu gari yeye mwenyewe kabla hujaja kulikimbiza kwenye mashindano ya Desemba. Hakuwa ameshika usukani kwa muda mrefu, lakini sikuona sababu ya kumkataza. Ni yeye aliyetufundisha sote. Tulitoka Garsen kuelekea Tarasaa. Barabara ilikuwa tupu na imenyooka. Alipokanyaga, ile sauti ya supachaja ilipanda nyembamba, kiti kikanisukuma mgongoni, na nikaona kwa upande uso wake umelegea kama wa mtu aliyetua mzigo. Aliendesha vizuri, Oliver. Nataka ulijue hilo pia.

Mbele kidogo, upande wa kushoto, kulikuwa na ng'ombe wanaopanda kuvuka lami. Mbele yao alisimama Guyo, Muorma anayenunua dawa za kupe dukani kwangu, ameinua fimbo juu kutusimamisha. Nilimwona mapema. Nilidhani baba naye amemwona, na kwamba anasubiri tu afike karibu ndipo apunguze. Hakupunguza. Nilimwita baba kwa jina lake kamili, jambo ambalo sijawahi kulifanya, nikashika usukani na kuuvuta kulia. Alikanyaga breki kwa kusikia sauti yangu. Gari lilizunguka, likasimama likiwa limekata barabara, injini ikazimika. Ng'ombe walitawanyika. Hakuna aliyeguswa, wala mtu wala mnyama.

Guyo alikuja hadi dirisha la baba. Nilitarajia matusi, na angekuwa na haki. Badala yake aliinama, akamtazama baba usoni, kisha akapitisha mkono wake taratibu upande wa kushoto wa uso ule. Baba hakupepesa.

"Mzee," Guyo alisema, "nilikuinulia fimbo tangu mbali. Ulikuwa umenielekea, lakini hukuwa unaniona."

Baba alimwomba radhi. Guyo alipokea, akatusaidia kulisukuma gari hadi pembeni, kisha akaniambia mimi, kwa adabu, kwamba ni vizuri nikiendesha mimi kurudi. Alikwenda kukusanya ng'ombe wake. Tulibadilishana viti. Sikuwasha gari. Nilingoja, na mwishowe baba akasema, akiwa ameelekea mbele:

"Jicho la kushoto halina kitu tangu mwaka jana, Rachael. La kulia limebaki kama tundu la nati."

Nilimuuliza amewezaje kuifunga supachaja. Alisema mikono inaijua njia, na jua la mchana lilimsaidia kidogo, na mimi nilikuwa namsomea. Nilimuuliza kwa nini hakusema. Alisema aliona tundu linazidi kupungua, na alitaka gari la mwanawe liwe tayari kabla halijaziba. Kisha akaniomba nisikwambie. Alisema ukijua utaacha kazi na kuja kukaa naye barazani, wawili msio na la kufanya. Nilimjibu kwamba sitakudanganya. Hakubishana nami.

Nilimpeleka Malindi hospitalini. Daktari alisema presha ya macho ndiyo iliyokula mishipa, na imefanya hivyo kwa miaka, bila maumivu. Kilichopotea hakirudi. Kilichobaki huenda kikaokolewa kwa dawa ya matone na operesheni ndogo, ambayo imepangwa mwisho wa Novemba. Huenda, alisema, hakuahidi. Nilipokwenda Wenje kumweleza mama, aliendelea kupalilia, akaniambia alijua tangu siku baba alipoanza kuuliza chai imewekwa wapi ilhali iko mbele yake. Alikuwa anangoja aseme mwenyewe. Nilikasirika nao wote wawili, kisha hasira ikaisha kwa sababu haikuwa na kazi.

Tangu hapo gari naliendesha mimi. Tukipata nafasi tunakwenda barabara ileile, yeye kando yangu na dirisha wazi. Husikia mkanda ukilegea kabla sijaubonyeza. Juzi tulimpita Guyo na ng'ombe wake, wakiwa mbali na barabara safari hii, akatupungia. Nilimwambia baba, naye akainua mkono nje, upande usio wenyewe. Guyo alicheka na baba akacheka. Barabara ilipokuwa tupu tena, akaniambia neno moja tu, nikanyage. Nikakanyaga.

Sikwambii uache kazi. Mashindano sijui utaamua nini. Gari liko tayari, na kama hutaki kushindana, nitashindana mimi, maana Zachary ameshaniuliza. Ninachoomba ni kimoja. Likizo yako ni Desemba. Iombe mapema, uje kabla ya operesheni, kwa sababu baada yake hatujui.

Baba anajua kwamba nakuandikia. Nilimwambia leo asubuhi. Aliniuliza tu kama nimekueleza kwamba breki zilishika vizuri. Basi nimekueleza.

Mama anakusalimu sana na anasema ule vizuri. Watu wa kanisani wanakusalimu, Zachary pia. Nisalimie wenzako unaokaa nao.

Ukifika, usisimame mlangoni ukangoja akutambue, na usimjie kutoka kushoto. Keti mbele yake, uwanjani penye jua, kisha sogea polepole kuelekea upande wake wa kulia. Atakuwa anageuza kichwa akitafuta. Akiacha kukigeuza, tulia hapo hapo. Amekuona.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Rachael